Mkate Mweusi wa Attracta

Cloonaherna
7 Januari 1979

Kwako shemeji Dympna, huko Uingereza, Coventry kwenye moshi,

Utashangaa kuona mwandiko huu, maana barua za nyumba hii huandikwa na dada yako Attracta. Mimi na kalamu hatujazoeana, lakini nikiamua jambo naliweza. Huku mvua haijakatika tangu Krismasi. Yule ng'ombe mwekundu amezaa pacha, madume wote wawili, wakasimama siku hiyohiyo, na kuanzia hapa mpaka kanisani hakuna mwingine aliyepata pacha mwaka huu. Paa la banda nimeliezeka upya mwenyewe, kwa umri huu. Grogan wa baa alipita akasema nikitaka kazi kwake ipo. Nikamwambia baa yako sijaikanyaga tangu nioe, sitaikanyaga kwa kazi wala kwa kiu. Beji yangu ya nadhiri, ile ya Moyo Mtakatifu, iko kwenye koti kila siku ya Mungu, na ya dada yako iko kwenye sweta yake. Nyumba ya watu wasioonja tone la pombe, wote wanajua.

Sasa habari yenyewe. Attracta alipigwa na kiharusi mwezi wa Novemba. Sikukuandikia kwa sababu nilijua atapona upesi. Ametoka hospitali. Upande wa kulia umelala na maneno hayatoki, ila kichwa chake ni kizima, ananijua, na akinikasirikia naona. Shida yake ni moja. Hafungui kinywa. Supu hataki, yai hataki, uji wa shayiri anautema. Chai anakubali, vijiko viwili vitatu. Daktari Lavelle anasema kumeza anaweza, ila hataki, na kama Pasaka ikipita hali ikiwa hivi atampeleka makao ya wazee ya kaunti. Unalijua jumba lile na ukuta wake. Wazee wetu walikuwa wakizunguka njia ya mbali ili wasipite mbele ya geti. Walioingia mle wakati wa njaa, lilipokuwa jumba la maskini, hawakutoka. Mke wangu haendi kufia mle.

Nikawaza mkate wake mwenyewe hataukataa, ule mweusi. Nimeuoka. Nimemtazama akiuoka tangu tuoane, nani wa kunifundisha? Lakini aliunusa akageuza uso ukutani. Wewe ni dada yake, mmekulia jiko moja. Niandikie anavyoufanya. Si kwamba sijui. Nataka kulinganisha tu.

Shemeji yako,
Jarlath Feerick


Coventry
15 Januari 1979

Shemeji Jarlath,

Novemba! Mtu ameanguka Novemba, naambiwa Januari, tena baada ya ng'ombe na paa la banda. Hongera kwa pacha. Barua niliisoma nimekaa kwenye ngazi, nikalia, nikakutukana, nikaweka maji ya chai jikoni, nikakutukana tena.

Mimi nipo. Magoti yananisumbua, kiwanda kimenipa saa ya ukutani na kuniambia nipumzike. Theluji imejaa na takataka zimelala barabarani kwa sababu wazoa taka wamegoma. Sitaki kukuchosha na ya huku.

Sikiliza. Unga wa ngano usiokobolewa, bakuli kubwa, na konzi moja ya unga mweupe. Chumvi. Magadi kijiko kidogo, na uyasage kwa kiganja kwanza yasiache madonge. Mtindi, ule uliobaki ukishatoa siagi. Changanya kwa vidole vilivyopanuliwa kama ukucha wa mwewe, kisha acha. USIKANDE. Nakujua, Jarlath, utataka kuupiga mieleka. Mkate wa magadi hauna chachu, hautaki nguvu za mtu, ukiukanda unakufa. Ukate msalaba juu, chomachoma pembe zake nne ili wale majini wadogo wa mlimani watoke, uuingize mara moja kwenye sufuria ya chuma, makaa chini na makaa juu ya kifuniko.

Kuna kingine. Hicho si changu kukitoa. Jaribu hivyo kwanza.

Ningekuja mwenyewe. Lakini mlango wako naukumbuka ulivyofungwa nyuma yangu mara ya mwisho. Sisemi zaidi. Mbusu dada yangu kwenye upande unaosikia.

Dympna


Cloonaherna
2 Februari 1979

Shemeji,

Jana ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Brigid, nimefuma msalaba wa matete nikautundika juu ya kitanda chake, mzuri kuliko wa mtu yeyote hapa, waulize. Wale ndama wananenepa. Tansey mzee ameanguka na baiskeli, hakuumia, alikuwa laini kwa pombe.

Mkate. Wa kwanza niliukanda. Usicheke. Kidogo tu, lakini mkono kama huu wangu ukikanda kidogo ni kama wa mwingine akikanda kutwa. Kisu kiligoma. Nikawapa kuku, kuku wakaniangalia. Wa pili sikuukanda, nimefuata neno lako moja baada ya jingine, ukainuka ukapasuka vizuri pale kwenye msalaba, ungeuona ungenyamaza. Nikapaka siagi nikampelekea. Alitia chembe mdomoni. Akaitema kwenye shuka. Halafu, Dympna, akainua ule mkono mzima akauinamisha hewani, hivi, kama mtu anayemimina kitu kutoka kwenye chupa. Nikamletea maji, akayasukuma. Nikaleta mtindi, akausukuma ukamwagika. Akamimina tena hewani, akaniangalia, kisha akaifunika ile beji yake kwa kiganja akaanza kulia. Mke wangu halii. Alilia tulipomzika mtoto wetu wa kwanza, basi.

Nguo zake zote zimekuwa kubwa. Namnyanyua kumgeuza kama ninavyonyanyua gunia tupu, na usifikiri ni nguvu zangu safari hii.

Umesema kuna kingine. Kitaje. Sikuombi, nakuambia. Kama ni viungo vya Kiingereza nitavitafuta Sligo. Kama ni sala nitaisema. Acha ukaidi, wewe mwanamke, tangu ujana wako ulikuwa na ukaidi wa mbuzi.

Jarlath


Coventry
14 Februari 1979

Jarlath,

Salamu fupi. Mimi mkaidi! Haya.

Alipomimina hewani najua alikuwa akitaka nini. Nimejua tangu barua yako ya kwanza. Lakini tulipokuwa tumesimama pembeni ya jeneza la mama yetu alinishika kiganja akaniapisha nisikuambie wewe maisha yangu yote. Si mtu mwingine. Wewe. Nami niliapa juu ya mikono ya mama.

Usiniite mbuzi. Huwezi kujua jinsi ninavyolala. Jumapili hii baada ya misa nitamfuata padre wa hapa, mtu wa Kerry, anasikiliza. Nitamuuliza kama kiapo cha namna hii kinafunguka ili mtu asife. Akiniambia kinafunguka nitakuandikia siku itakayofuata, na mapema nitakuwa nimesimama mlangoni pa posta kabla hawajafungua.

Mpe chai. Tia sukari nyingi.

Dympna


Cloonaherna
18 Machi 1979

Dympna,

Sijui kama utaipata hii. Posta ya Ayalandi yote imegoma tangu Jumatatu ile uliyosema utaandika. Hakuna barua inayoingia wala kutoka, na simu ya kijijini nayo imekufa kwa mgomo huohuo. Kila asubuhi nasimama getini kama mjinga, na barabara tupu. Hii nampa McHugh, mchuuzi wa ng'ombe, anavuka mpaka kwenda mnadani Enniskillen, ataitia kwenye posta ya kule Kaskazini kwa Waingereza. Itabidi iwe na stempu yenye kichwa cha malkia wao. Mimi, mtoto wa Feerick aliyechomewa nyumba na askari wao. Nimeikubali. Ujue hali ilivyo.

Jana ilikuwa siku ya Mtakatifu Patrick. Nilimvika jani lake la kijani. Hakuliangalia. Sasa hata chai anaacha imwagike kwenye kidevu. Nimeoka kila siku, Dympna. Kwa asali. Kwa zabibu. Kwa molasi ya ng'ombe, usinicheke. Kwa maji ya baraka kutoka hija ya Knock, maana kulikuwa na chupa yake kabatini, kubwa, ile yenye umbo la Bikira, nikawaza labda ndiyo aliyokuwa akiimimina. Ilikuwa tupu na ina harufu ya ajabu, nikaenda kumjazia kwa padre. Attracta alipoiona chupa ile mkononi mwangu alifumba macho, hakufumbua mpaka jioni.

Daktari ameshaandika jina lake. Kitanda kipo, kasema, wiki ile baada ya Pasaka. Akasema nisijilaumu, wanaume wengi hawawezi. Nilimwonyesha mlango. Halafu nikamfuata kwenye gari nikamshika mkono wa koti. Sikumbuki nilimwambia nini. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Nimeishiwa. Sina cha kukutambia. Kama kile kingine kinaweza kumfungua kinywa na wewe umekikalia, basi ukija kumzika usinipe mkono. Andika kwa McHugh, posta ya Enniskillen, ataichukua siku ya mnada.

Jarlath


Coventry
27 Machi 1979

Shemeji yangu,

Niliandika. Siku ileile, kama nilivyosema. Padre alisema nitaje, nami nikataja kila kitu, na barua hiyo sasa iko kwenye gunia fulani Dublin. Mwezi mzima nikidhani umesoma, na ukimya wako nikaudhani ni hasira. Mungu atusamehe wote.

Naandika upya. Kaa chini.

Ni bia nyeusi, Jarlath. Stauti.

Mama yetu ndivyo alivyooka, na mama yake. Nusu mtindi, nusu bia. Inamiminwa kwenye bakuli jioni na kuachwa mpaka povu life kabisa, asubuhi inatiwa kwenye unga. Ndiyo inayoupa ule weusi, ule utamu wenye uchungu kwa nyuma. Attracta alipoolewa na wewe mkaweka nadhiri pamoja mbele ya askofu, mkavikwa beji. Alijaribu kuoka bila bia. Ukala, ukasema, mbona mkate umekufa? Wiki ileile akarudia wa zamani, nawe ukatoka kuutangaza parokia nzima. Mkate wa mke wangu, mkate wa mke wangu. Angefanya nini? Aseme yule mwenye beji ananunua pombe? Na wewe ndiye mwenye beji unayeila asubuhi na jioni?

Chupa zile ulizonikuta nazo Krismasi ile, ukazimwaga uani na kuniambia nisikanyage tena kizingiti chako, zilikuwa zake. Aliniomba nimletee kwa sababu njia ya kwenda mlango wa nyuma wa Grogan ilikuwa na barafu. Alisimama nyuma yako akinitazama. Nilichukua sanduku langu nikaondoka.

Nenda kanunue. Usimwambie kwamba nimesema. Au mwambie, sijui. Oka.

Dympna


Cloonaherna
24 Aprili 1979

Dympna,

McHugh aliniletea barua yako Alhamisi Kuu, akanikuta mlangoni. Hatukusalimiana. Niliisoma nimesimama, polepole, unajua usomaji wangu, na nilipofika kwenye lile neno nikarudi juu nikaanza upya nikidhani nimekosea.

Nilikwenda kwa Grogan. Na beji kifuani, maana sikukumbuka kuivua. Nilisukuma mlango. Tansey alivua kofia.

"Jarlath Feerick!" akasema Grogan. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nipe bia nyeusi."

"Ya kunywa au ya mkate?"

Nikamuuliza mkate gani.

"Mkate gani! Wa Attracta. Kila Jumamosi mlango wa nyuma, na Bikira wake wa Knock mkononi nimjazie. Nimemkosa tangu vuli. Hajambo kidogo?"

"Nani mwingine anajua?"

"Uliza nani hajui," akasema Tansey. "Sisi tulidhani unajua, mzee. Tulisema huyu Feerick mjanja, kapata njia ya kulewa kwa kutafuna."

Wakacheka. Sikuwapiga. Zamani ningewapiga wote, hilo unalijua. Niliwaza Jumapili zote nilizosimama mlangoni pa kanisa nikiwahubiria watu haohao juu ya pombe, makombo ya kifungua kinywa bado kwenye masharubu.

Ijumaa Kuu jioni, baada ya mfungo, nikaimimina bakulini ikafa povu. Asubuhi ya Jumamosi Kuu nikaoka. Harufu ndiyo ile, Dympna. Nyumba ilirudi. Nikasikia kitanda kinalia kule chumbani, nikakimbia na kipande, siagi inayeyuka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa amefungua macho. Pua inafanya kazi. Akautazama mkate, akanitazama usoni, akaitazama beji yangu. Uso ukamwiva. Akageukia ukutani.

Aliona kwamba nimejua.

Nilimwambia sina hasira. Hakugeuka. Nilimwambia Grogan anamsalimu, hakugeuka. Nikapiga magoti, na magoti yangu hayapigiwi mtu, nikamwambia kula, mwanamke, nakuomba, wanakuja kukuchukua. Mgongo wake nauona mfupa mmoja mmoja. Kutwa ile nilibadilisha vipande vitano vikawa vikavu.

Asubuhi ya Pasaka kengele zinalia, sikwenda misa. Nilikuwa na njaa na hasira. Sikuwa na mpango wowote, usidhani nilipanga. Nilikata kipande changu, nikaivua beji nikaitia mfukoni, nikakaa kando ya kitanda nikala. Ulikuwa mtamu. Nikasema kinywa kimejaa:

"Attracta, nisikilize. Miaka yote hii nimewaambia watu mkate wako hauna mwenzake. Niliwadanganya. Huu wangu umeushinda."

Bega likacheza.

"Wako ulikuwa mzito chini. Sikusema kwa adabu tu. Na chumvi ulikuwa unasahau. Huu nitaupeleka kwenye maonyesho ya kaunti nichukue utepe wa ushindi, na wakiuliza nani kakufundisha nitasema hakuna, nilizaliwa nao."

Akageuka. Taratibu, kwa shida, sikumsaidia, niliogopa kupumua. Akanyoosha ule mkono wake mzima akaninyang'anya kipande changu, si kile nilichomwandalia, changu, nilichokwisha kukiuma. Akatafuna kwa upande mmoja. Nikangoja. Alimeza. Halafu akaupungapunga mkono, hapana, hapana, na ule uso wake, unaujua, ule wa kumpa mtu alama mbaya. Akauma tena ili ahakikishe. Akapunga. Akauma tena.

Daktari Lavelle alikuja wiki hiyo na gari la wagonjwa nyuma yake. Akakuta makombo kitandani.

"Anakula?" akaniuliza.

"Anahukumu," nikamwambia.

Akambonyeza, akampima, akatoka nje akaongea na dereva, gari likarudi tupu. Lakini jina lake hajalifuta. Kasema atapita kila wiki, na akikuta amerudi nyuma hatasikiliza maneno yangu tena.

Kwa hiyo kila asubuhi naoka, namletea, najisifu. Nikimbembeleza anafunga kinywa. Nikimwambia wangu ni bora anakula ili anikatalie. Beji yangu sijairudisha, maana ikiwepo anaitazama na kutafuna kunasimama. Ya kwake nimeiacha palepale kwenye sweta, sitaigusa.

Ila nakuambia wewe tu, hali bado. Jana alikula nusu kipande. Leo robo, na alifanya kama anayenifanyia hisani. Nimeusema vibaya mkate wake tangu jua lilipotoka, nimeusema ukavu, nimeusema ukoko, nimesema hata kuku waliukataa, na hilo ni uongo. Maneno yameniishia, nimeanza kuyarudia, na yeye anajua nikirudia, anafumba macho. Mtu mmoja hatoshi.

McHugh anavuka na barua hii Ijumaa, na mnada utakaofuata anaweza kukuchukua Enniskillen ukishuka kwenye basi. Mlango sitaufunga. Njoo, Dympna, uje na ulimi wako wote, unisaidie kuutukana mkate wake.

Jarlath